Nani Anamlipa Askari wa Kongo?

Mwishoni mwa Januari 1993 askari wa Mobutu mjini Kinshasa walilipwa mishahara kwa noti mpya za milioni tano za zaire, fedha ya nchi wakati huo. Walipokwenda nazo sokoni, wafanyabiashara walizikataa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Étienne Tshisekedi, alikuwa ametangaza kwamba noti hizo si fedha halali. Rais Mobutu alishikilia kwamba ni halali. Askari akabaki na karatasi mfukoni na bunduki begani. Katika uporaji uliofuata walikufa mamia ya watu, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliyepigwa risasi akiwa ndani ya ubalozi. Na haikuwa mara ya kwanza. Septemba 1991 askari waliochoka kudai mishahara walianzia upande wa uwanja wa ndege wa Ndjili wakaingia mjini kupora, na raia wakafuata nyuma yao. Maduka na viwanda vingi vilivyoporwa siku zile havikufunguliwa tena.

Mjadala kuhusu taasisi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa kawaida huanzia juu: katiba, uchaguzi, mahakama, mgawanyo wa madaraka. Mimi nadhani unapaswa kuanzia kwenye dirisha la mshahara. Mtumishi wa umma humtumikia anayemlisha. Kama anayemlisha ni hazina ya taifa, kwa fedha inayojulikana na kufika kwa tarehe inayojulikana, kuna uwezekano wa kumwajibisha. Kama anayemlisha ni mkubwa wake kazini, atamtumikia mkubwa. Kama anajilisha mwenyewe kwa mwananchi anayepita mbele yake, basi mwananchi huyo amegeuka kuwa shamba lake. Kwa miongo mingi Kongo imeishi na hali ya pili na ya tatu kwa pamoja, na humo ndimo udhaifu wake mwingi unamozaliwa.

Kuna wasemao kwamba Kongo haina serikali. Hayo husemwa na mtu ambaye hajawahi kusafiri kwa barabara katika Kivu. Serikali iko kila baada ya kilomita chache. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, au mwanzi umelazwa juu ya mapipa, na kando yake kuna kibanda cha turubai. Ndani yupo askari, mara nyingine na polisi, mtu wa idara ya ujasusi na mtoza ushuru wa wilaya, kila mmoja na daftari lake. Mama aliyebeba gunia la makaa anatoa franka zake, kijana wa pikipiki anatoa zake, lori la mihogo linatoa zaidi. Risiti ni ya bahati. Watafiti waliozunguka Kivu Kaskazini na Kusini walihesabu vizuizi vya namna hiyo kwa mamia, vingine vya waasi lakini vingi vya jeshi na vya idara halali za serikali.

Swali la maana hapo ni fedha ile inakwenda wapi. Watu wengi hudhani inaishia tumboni mwa yule askari. Sehemu inaishia hapo, ndiyo. Sehemu nyingine inapanda juu: kwa kamanda aliyempanga kwenye kizuizi kile, ambaye naye alipata eneo lile kwa sababu ana mtu wa kumpelekea fungu huko juu. Kupangiwa kwenye barabara yenye machimbo ni zawadi, kupangiwa porini kusiko na chochote ni adhabu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, nasi tumezoea kumkemea mbuzi bila kumtafuta aliyeifunga kamba na anayepokea maziwa jioni. Askari akiacha kutoza, kesho yuko pengine, na kizuizi kinapewa mwingine asiyeuliza maswali. Kwa hiyo ile taasisi ina nidhamu kali sana. Ina ngazi, ina hesabu, ina adhabu kwa anayekwenda kinyume. Kasoro ni kwamba nidhamu hiyo yote imeelekezwa kukusanya kutoka chini na kupeleka juu, wakati ilipaswa kupokea kutoka juu na kuhudumia chini.

Shule zimepita njia hiyo hiyo, na kisa chao kinafundisha zaidi kwa sababu hakina bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazina ya Mobutu ilipokauka na walimu wakagoma, Kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachange kidogo ili mwalimu apate cha kumtunza mpaka serikali itakapojirekebisha. Lilikuwa jambo la dharura, na la busara kwa wakati ule. Lakini mchango ule ukadumu karibu miaka thelathini. Kadiri ulivyodumu ndivyo ofisi za juu zilivyojifunza kuutegemea: mkuu wa shule akabakiza chake, mratibu wa shule za kanisa akapata asilimia yake, mkaguzi yake, ofisi ya mkoa yake, hadi Kinshasa. Mzazi wa Masisi au Kabinda aliyeuza kuku ili mtoto asirudishwe nyumbani alikuwa anaendesha wizara nzima bila kujua. Na wizara inayoendeshwa hivyo haina haja ya kumuuliza mzazi huyo kama mtoto wake anajua kusoma.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilikaa kwenye karatasi miaka kumi na tatu. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi, mwana wa yule Étienne, aliamua itekelezwe, na mamilioni ya watoto waliokuwa nje ya shule wakaingia madarasani. Nausifu uamuzi ule bila kusita, kwa sababu ulikata mrija mmoja mkubwa wa fedha zilizokuwa zikipanda juu. Lakini tazama kilichofuata. Orodha ya mishahara ya walimu ilikuwa imejaa shule zisizokuwepo na majina ya watu wasiofundisha, huku walimu halisi kwa makumi ya maelfu wakisubiri kuingizwa humo. Ukaguzi ulipofanyika, maofisa wa juu wa sekta ya elimu walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa mwaka 2021. Na katika madarasa mengi mwalimu aliyekuwa akilipwa na wazazi akajikuta halipwi na yeyote. Wengine waligoma, wengine wakarudi kimyakimya kuomba michango. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Orodha ya mishahara haikubadilika kwa siku moja.

Ndiyo maana naiona orodha ya mishahara kuwa hati ya kisiasa kuliko hata katiba. Ndiyo inayosema nani yupo serikalini na nani hayupo, na anayeishika ana mamlaka ambayo hayajaandikwa popote. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984. Nchi ambayo haijahesabu raia wake kwa zaidi ya miaka arobaini inakisia wapiga kura, inakisia wanafunzi, na inakisia askari. Na mahali penye makisio pana nafasi ya mtu kuongeza majina hewa.

Tena jambo hili liliwahi kujaribiwa kurekebishwa, na likaonyesha matunda. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002, makundi yaliyokuwa yakipigana yaliingia katika serikali ya mpito ya rais mmoja na makamu wanne, na majeshi yao yakaunganishwa. Kila kundi lilitaja idadi ya askari wake, na jumla yake ikapita 300,000. Walipohesabiwa walioonekana kwa macho, hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa majina. Fedha ya mshahara ilitoka Kinshasa kama fedha taslimu ikikabidhiwa makamanda, na kila ngazi iliyopitia ilimega. Askari aliyekuwa mwisho wa mnyororo alipata vijisenti baada ya miezi, au hakupata.

Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulishirikiana na jeshi la Kongo, FARDC, kufanya jambo moja dogo kulitaja na gumu kulitenda: kuutenganisha mnyororo wa amri na mnyororo wa mshahara. Kamanda abaki na kazi ya kuamuru. Mtu mwingine, asiye chini yake, alete fedha na kumlipa askari mkononi, kwa jina, namba na alama za vidole. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulianza kufika ukiwa na sehemu kubwa zaidi ya ukubwa wake. Makamanda wengi walichukia. Kuanzia 2011, Matata Ponyo akiwa waziri wa fedha na baadaye waziri mkuu, serikali ilianza kulipa watumishi kupitia benki, na vijijini kusiko na benki walimu wakawa wanalipwa kupitia Caritas, shirika la Kanisa Katoliki. Hatua hizo zilikuwa na upungufu wake. Mwalimu wa kijijini aliweza kutembea siku nzima kufuata mshahara na kutumia nusu yake njiani. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtumishi wa kawaida aliona fedha ya serikali ikimjia bila kupitia mkono wa bosi wake.

Mageuzi yale yaliishia njiani. Yaligusa mshahara, hayakugusa posho za uwanja wa mapambano, chakula, mafuta na risasi, na vyote hivyo vikabaki mikononi mwa makamanda. Mwizi alihama mlango mmoja akaenda mwingine. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma bila upinzani mkubwa, na askari wa FARDC waliokimbilia Minova waliwabaka na kuwapora raia waliopaswa kuwalinda. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa tofauti kabisa. Maofisa wengi wa Kivu Kaskazini waliitwa Kinshasa, chakula na posho zikawafikia zaidi waliokuwa mstari wa mbele, wakapatikana makamanda waliolala na askari wao, kama Kanali Mamadou Ndala, na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa, ikapigana bega kwa bega nao. Novemba 2013 M23 walishindwa. Walikuwa askari wale wale wa Kongo, nchi ile ile, ndani ya miezi kumi na miwili. Wanaosema Mkongo hawezi kupigana wautazame mwaka huo.

Kanali Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani ofisa wa jeshi lake mwenyewe.

Najua hoja itakayokuja hapa, na ni nzito: kwamba tatizo la mashariki ya Kongo ni Rwanda na madini, na kuzungumzia mishahara ni kumlaumu aliyevamiwa. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa ushahidi msaada wa Rwanda kwa M23. Ile ya katikati ya 2024 ilikadiria askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 ndani ya Kivu Kaskazini. Uvamizi ni uvamizi, na aliyevamiwa ana haki ya kulindwa. Lakini Goma ilipoanguka tena mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, jeshi lililokuwa likiitetea lilikuwa na sura ambayo haikutengenezwa na Kigali. Kulikuwa na FARDC, kulikuwa na vijana wa Wazalendo, wanamgambo waliopewa silaha bila mshahara maalumu na wakaachiwa wajitafutie barabarani, kulikuwa na askari wa SADC, na kulikuwa na mamluki kutoka Romania. Mamluki hao walilipwa maelfu ya dola kwa mwezi. Askari wa kawaida wa Kongo aliyekuwa kwenye handaki lile lile alipata karibu dola 100. Mji ulipoanguka, wale wa Romania walisindikizwa mpaka Rwanda wakapanda ndege kurudi kwao. Machi 2025 serikali ilitangaza kuzidisha mara mbili mshahara wa askari na polisi. Kumbe uwezo ulikuwepo. Ulingoja miji miwili ipotee.

Jirani mwenye nia mbaya hutafuta nyumba yenye mlango uliooza. Mlango huo ni kazi ya mwenye nyumba.

Katikati ya yote hayo ukazuka mjadala wa kubadili katiba. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alisema katiba ya sasa imepitwa na wakati na haiendani na hali ya nchi, akatangaza kuunda tume. Wapinzani wake wakaruka moja kwa moja kwenye ibara ya 220, inayozuia kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, na hofu yao ina msingi. Ila kwangu mimi kuna jambo limesahaulika katika kelele hizo. Katiba ile haijapewa nafasi ya kushindwa, maana ibara zake za kujenga serikali inayowajibika hazijawahi kutekelezwa.

Chukua ibara ya 175. Inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa inayotokana na mkoa ibaki mkoani, ikatwe pale pale yanapokusanywa. Kinachofanyika ni kwamba Kinshasa inakusanya yote, kisha inarudisha kiasi inachotaka, wakati inaotaka. Kwa hiyo gavana hukaa wiki nyingi hotelini Kinshasa akibembeleza fedha ambayo katiba inasema asingepaswa kuiomba. Mwaka 2015 mikoa iliongezwa kutoka 11 hadi 26 kwa harakaharaka, na mingi ilizaliwa bila ofisi wala bajeti. Gavana wa namna hiyo atamsikiliza nani, mpiga kura wa Tshikapa au mtu wa hazina aliyeshika kalamu?

Sasa linganisha na kitu kilichofanyika vizuri kidogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipanga mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa wilaya ya mjini au uchifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Jambo muhimu ni kwamba mgodi unalipa kila fungu moja kwa moja kwa anayestahili, halipitii Kinshasa. Wilaya za Kolwezi na machifu wa Lualaba ambao hawakuwahi kuona bajeti wakaanza kupokea mamilioni ya dola. Palipojengwa shule na zahanati, zilijengwa. Na palipoliwa, paliliwa sana, kwa sababu fedha ilifika kabla ya baraza la kuisimamia. Madiwani walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii Desemba 2023, tena katika baadhi tu ya maeneo. Kwa miaka mitano mameya na wakuu wa wilaya walioteuliwa kutoka juu walishika fedha ya wananchi bila mtu aliyechaguliwa na wananchi kuwauliza neno.

Wakosoaji walisema: mnaona, ukipeleka fedha chini zinaliwa. Sikubali. Fedha ya Kinshasa imeliwa kwa miaka sitini na hakuna aliyependekeza Kinshasa inyang'anywe hazina. Tofauti ni kwamba ulaji wa Kolwezi unaonekana na mtu wa Kolwezi. Anaijua ile barabara iliyoandikwa imejengwa, anapita hapo kila siku kwenye vumbi. Mpe diwani aliyemchagua mwenyewe na mpe tarakimu zilizobandikwa ukutani, na hatahitaji mtaalamu kutoka nje kumfundisha uwajibikaji.

Tarakimu zilizobandikwa ukutani. Hilo nalo ni suala la uchaguzi. Desemba 30, 2018 Wakongo walipiga kura kwa mashine, baada ya kucheleweshwa miaka miwili. Mjini Beni, ambako tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imeahirisha kura hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, wananchi walijipanga foleni siku ile ile wakajiendeshea uchaguzi wao wenyewe, kwa karatasi na masanduku yao, ili ulimwengu uone kwamba wanaweza. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia hawajakomaa kwa demokrasia. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000, na maaskofu wakasema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyokusanya. CENI ilimpa Tshisekedi asilimia 38.57 na Martin Fayulu asilimia 34.8. Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa moja: kuchapisha matokeo ya kila kituo, kama sheria inavyotaka. Hayakuchapishwa. Mahakama ya Katiba iliidhinisha, na rais akaapishwa tarehe 24 Januari 2019.

Simwandiki mtu yeyote kuwa mwizi wa kura hapa. Kile kisichochapishwa hakithibitishi wala hakikanushi. Nasema tu kwamba tume inayoweza kukaa na karatasi za vituo vyote na isizioneshe, bila mtu hata mmoja kulipia gharama ya kuzificha, inamjibu mtu mwingine asiyekuwa mpiga kura.

Mahakama na ukaguzi nao wako hapo hapo. Chini ya Jules Alingete, kuanzia 2020, ukaguzi mkuu wa fedha, IGF, uliwatia joto mameneja wa mashirika ya umma kama haukuwahi kufanya tangu uundwe. Ndio uliosema waziwazi mwaka 2023 kwamba katika mkataba wa Sicomines na kampuni za China, kati ya dola bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa mwaka 2008, zilizotumika ni dola milioni 822. Mkataba ukajadiliwa upya, na mwaka 2024 ahadi ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Hiyo ni kazi ya kweli na wakaguzi wake wanastahili heshima. Lakini IGF iko chini ya ofisi ya rais. Anachunguzwa yule ambaye rais hachukizwi akichunguzwa, na mkaguzi hodari akiondoka hakuna anayejua kama uhodari utabaki. Chombo ambacho katiba ilikiweka kwa kazi hiyo, Mahakama ya Hesabu inayopaswa kulipelekea Bunge ripoti, kilikaa miaka mingi bila mahakimu wa kutosha. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alihukumiwa mwaka 2020 miaka 20 kwa ubadhirifu wa fedha za mradi wa siku mia moja za kwanza za rais, akapunguziwa hadi 13, akaachiwa huru kabisa mwaka 2022, na mwaka 2024 akawa Spika wa Bunge. Labda hukumu ya kwanza ilikuwa ya makosa, labda ya mwisho. Raia aliyeitazama kesi ile mubashara kwenye televisheni hakupata maelezo yanayomtosha ya nini kilibadilika, isipokuwa kwamba siasa ilibadilika.

Kwa hiyo sishawishiki na dawa ya kiongozi imara, ambayo nazidi kuisikia hata kwetu Afrika Mashariki tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kongo imekuwa na kiongozi imara kwa miaka 32, akaiacha na noti ambazo muuza mkate alizikataa. Uimara wa mtu mmoja ndio uliohitaji kila mshahara na kila cheo vipitie kwake.

Kipimo kinakuja karibuni, na wengi hawakitazami. Tangu 2025 kuna mazungumzo ya Doha kati ya Kinshasa na AFC/M23, yaani M23 na muungano wake wa kisiasa, na kuna makubaliano ya Washington kati ya Kongo na Rwanda. Yakifika mwisho wowote ule, litakuwepo swali la wapiganaji: nani anaingia jeshini, kwa cheo gani, kulipwa na nani. Kongo imelijibu swali hilo vibaya kila mara. Mwaka 2009, kwa mpango uliotiwa saini tarehe 23 Machi, wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP waliingizwa FARDC kwa mkupuo, wakabaki na makamanda wao, wakapewa maeneo yenye machimbo kama Bisie kule Walikale, na waliendelea kumtii mkuu wao, Bosco Ntaganda, wakiwa wamevaa sare ya serikali. Miaka mitatu baadaye waliasi, wakajiita kwa tarehe ile ile, M23. Makundi mengine yaliyatazama hayo yakajifunza kwamba njia fupi ya kuwa kanali ni kuingia msituni.

Wakati huu, kabla ya kuangalia picha za viongozi wakipeana mikono, mtu anayeitakia Kongo mema aulize mambo machache ya ofisini. Je, kila mpiganaji atahesabiwa mmoja mmoja na kupewa namba kabla ya kundi lake kutaja idadi? Je, mshahara wake utaingia kwenye simu au akaunti yake bila kupitia kwa kamanda, na posho na chakula vivyo hivyo? Je, atatenganishwa na kamanda wake wa msituni na kupelekwa kikosi kingine mkoa mwingine, hata kama kamanda huyo amesaini amani? Na mwalimu wa Goma, ambaye benki zilifungwa mjini kwake waasi walipoingia, atalipwa malimbikizo yake kabla au baada ya jenerali mpya kupewa gari?

Jibu la swali hilo la mwisho litatoka wizara ya fedha, katika ratiba ya malipo ya mwezi wa kwanza baada ya kusaini, na ni hati ambayo Bunge la Kinshasa lina haki ya kuidai hadharani.